Je, Fundi Atajibu kwa Kazi ya Mikono Yake?



Hapa kwetu Mulekera, na njia yote ya kwenda Butembo, hakuna asiyeijua chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kilichoenea katika Kivu tangu miaka ya 1970. Fundi huchonga kiunzi kwa mti mgumu, kama vile mkaratusi, na kuyavika magurudumu ukanda wa mpira wa gari uliochakaa. Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao, na mguu wa pili husukuma. Nyuma huwekwa kipande cha mpira cha kukanyaga ili kuzuia gurudumu: ndiyo breki yake. Chombo hiki hakinywi mafuta, nacho hubeba mamia ya kilo za viazi, makala au mbao. Mjini Goma pamesimama sanamu ya mtu na chukudu yake, iliyowekwa mwaka 2009.

Tumsifu Mungu kwa akili hiyo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, chasimulia jinsi Mungu alivyomjaza Bezaleli Roho yake, apate kubuni na kufanyiza kazi za dhahabu, za mawe na za mti kwa ajili ya hema takatifu. Basi ustadi ni amana kutoka kwa Mwumba. Lakini endeleeni hadi sura ya 32: hapo dhahabu yayeyushwa, na mikono ya watu yafanyiza ndama wa kuabudiwa. Kwa hiyo haitoshi kusema, “Kitu hiki kimebuniwa kwa akili.” Yatupasa kuuliza pia, “Kinamtumikia nani, na kinamwumiza nani?”

Sasa swali lenyewe: chombo kikimdhuru mtu, nani mwenye kosa, aliyekifanyiza au aliyekitumia? Nitawaeleza jambo langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilihitaji chukudu ya kusombea matofali. Fedha yangu ilikuwa pungufu. Nikamwambia fundi, “Baba, nipunguzie bei, acha breki, njia yangu ni fupi.”

Mzee akatikisa kichwa. “Mwalimu, njia yako ni fupi, lakini ina mteremko.”

Nikamsihi sana, naye akakubali, kwa sababu alikuwa na shida ya fedha, tena aliona haya kumkatalia mwalimu. Majuma mawili baadaye kijana wa jirani aliniazima chombo kile, nami sikumwonya. Kwenye mteremko kikamshinda. Yeye aliruka, akapona. Chukudu ikamgonga mama mmoja aliyekuwa akitoka kuteka maji, ikamvunja mguu. Mama yule hakuinunua chukudu wala hakuiendesha. Alikuwa akipita tu. Hata leo anachechemea, nami hukutana naye kila Dominika mlangoni pa kanisa.

Tulipoulizwa, nilisema, “Si mimi niliyeendesha.” Kijana akasema, “Sikuambiwa.” Fundi akasema, “Niliagizwa hivyo.” Kila mmoja alisema kweli kidogo, akajificha nyuma ya kweli hiyo, kama Adamu alivyomtaja Eva, na Eva akamtaja nyoka.

Sheria ya Mungu haituachii maficho hayo. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na paa la bapa, ambapo watu waliketi na kulala. Basi katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, mjenzi anaamriwa kuzungushia paa ukuta mdogo, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Angalieni: mjenzi anaamriwa kumfikiria mgeni asiyemjua, kabla hajaanguka. Amri ya kutokuua na ile ya kumpenda jirani zaanza kutimizwa wakati nyundo ingali mkononi.

Je, fundi atajibu kwa kila baya linalotendwa kwa kazi yake? Hapana. Mtu akimwua ndugu yake kwa kisu cha jikoni, mhunzi hana hatia. Fundi hujibu kwa lile alilolijua, na kwa lile ambalo angelijua kama angalijali kuuliza. Mzee yule na mimi tuliujua mteremko. Kijana hakujua kwamba breki haipo. Tena mzee alibanwa na shida. Mimi nilibanwa na ubahili tu. Basi kosa langu ndilo kubwa kuliko yote.

Kanuni hiyo yawafikia hata mafundi wa mbali. Ndani ya simu tunazoshika mna tantalo, madini yatokayo katika koltani. Koltani huchimbwa pia Rubaya, katika Masisi, mkoani mwetu Kivu ya Kaskazini, ambako maporomoko ya udongo yamewaua wachimbaji. Anayechora simu mezani kwake, Asia au Marekani, hawaoni watu hao. Lakini anaweza kuuliza habari zao. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si’ ya mwaka 2015, alifundisha kwamba vyombo tunavyobuni si vitu visivyo na upande: huongoza namna watu wanavyoishi na kutendeana.

Nililipia matibabu ya mama yule, nikairudisha chukudu kwa fundi itiwe breki. Bei ya breki ilikuwa ndogo kuliko bei ya bandeji za juma la kwanza. Padri alinipa ondoleo katika Kitubio, na mama mwenyewe alinisamehe. Lakini mguu haukurudi kama ulivyokuwa.

Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo mtachonga viti, mtajenga nyumba, mtachimba visima. Shikeni maneno haya:

Swali: Ustadi watoka kwa nani?
Jibu: Kwa Mungu, ili tuwatumikie watu.

Swali: Fundi amfikirie nani?
Jibu: Atakayekitumia chombo, atakayepita karibu nacho, na aliyetaabika kukipata kile kilichotumika kukifanyiza.

Swali: Na mnunuzi je?
Jibu: Asimshurutishe fundi kuacha lile linalolinda uhai. Akimshurutisha, damu ya jirani ni juu yake pia.