Mwezi wa Sifuri

Mwambie mgeni aliyezoea saa za Kizungu, "Tuonane saa moja asubuhi." Atakugongea mlango saa saba usiku. Neno amelisikia sawasawa. Kinachowatenganisha ni mahali mnapoanzia kuhesabu. Kosa la aina hiyo nililifanya mimi kwenye programu, na nalisimulia ili lisirudiwe.

Chama kimoja cha kuweka na kukopa kilinipa kazi ya kuhamisha programu yake ya mikopo kutoka lugha ya PHP kwenda JavaScript. Nikatafsiri mstari kwa mstari. Kazi niliyoombea mwezi mzima nikaimaliza kwa siku tisa. Programu mpya ikafanya kazi bila kulalamika, na siku hiyohiyo nikaizima ya zamani.

Wiki haikuisha, akaja mama mmoja na daftari lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwisho wa kulipa mkopo wangu ni tarehe 31 Januari 2024, nimeandika hapa. Mbona ujumbe wenu unasema tarehe 2 Machi?"

Daftari lilikuwa sahihi. Katika PHP, Januari ni mwezi wa 1. Katika JavaScript, ukiunda tarehe kwa tarakimu, Januari ni mwezi wa 0, kwa hiyo 1 yangu ilisomwa Februari. Februari ya mwaka ule ilikuwa na siku 29, basi tarehe 31 ikamwagikia Machi 2. Programu haikuikataa tarehe isiyokuwepo. Iliisogeza mbele kimyakimya. Mikopo ya Desemba nayo ilikuwa imerukia Januari ya mwaka unaofuata.

Baadaye nikagundua kwamba mwezi huo wa sifuri wenyewe umerithiwa. Lugha ya C ilihesabu hivyo, Java ikafuata, na mwaka 1995 JavaScript ikainakili Java. Java ilitoa maktaba mpya ya tarehe mwaka 2014, ambamo Januari ni 1. JavaScript haikuweza kuibadilisha tarehe yake ya awali, maana programu nyingi mno zimeshaitegemea.

Wala si tarehe peke yake. Gawa -7 kwa 2 ukitaka namba kamili: C itakupa -3, Python itakupa -4. Kila moja iko sahihi kwa kanuni zake, na hakuna itakayokuonya.

Wewe unayehamisha msimbo, usiache mbachao kwa msala upitao. Ziache programu zote mbili zifanye kazi sambamba angalau mwezi mzima. Zipe taarifa zilezile, zikiwemo tarehe 31, Februari 29, mwisho wa mwaka na namba hasi, kisha linganisha majibu hadi senti ya mwisho. Na kabla hujaizima ya zamani, mwite mwenye daftari.