Muulize Alijualo, Si Lililomuumiza Tu

Siku hizi kila mtaa una studio. Chumba kimoja, viti viwili, maikrofoni mbili, pazia jeusi ukutani na taa ya duara, podikasti imeanza. Ni jambo la heri. Zamani muuza mkaa, dada wa kazi au mvuvi alisikika redioni pale tu palipotokea ajali au mafuriko. Leo anaalikwa, anaketi saa nzima na anatajwa kwa jina lake. Wiki hii mgeni ni mbunge, wiki ijayo konda wa daladala, inayofuata daktari, kisha mjane aliyelea watoto peke yake. Mwenye kipindi hujisifu kwamba kwake habaguliwi mtu, na ana haki ya kujisifu.

Lakini hebu sikilizeni maswali. Mbunge anaulizwa anauonaje muswada uliopelekwa bungeni. Daktari anaulizwa kwa nini kisukari kinazidi mijini. Akifika konda, swali linageuka: umepitia magumu gani maishani? Akifika mjane: siku ile ulijisikiaje? Akisitasita, anasogezewa boksi la tishu kabla hata chozi halijatoka. Wenye vyeo wanaulizwa wanachokijua, wasio na vyeo wanaulizwa kilichowaumiza. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, ndugu zangu mnaoshika maikrofoni, maana wengi wenu mnalifanya bila nia mbaya na hakuna anayewaambia.

Chukueni huyo mjane. Mumewe alipofariki, mashemeji walikuja kudai nyumba na shamba. Studioni anasimulia kwa dakika arobaini namna alivyotukanwa, vyombo vilivyotupwa nje, watoto waliolala kwa jirani. Mwendeshaji anatikisa kichwa, anasema "pole sana, mama", muziki unaingia, kipindi kimekwisha. Hakuna aliyemuuliza nyumba ilirudije mikononi mwake. Nayo ilirudi, kwa sababu mama huyu alihangaika hadi akajua njia. Alifuata cheti cha kifo kwa wakala wa usajili, RITA. Alihakikisha kikao cha ukoo kinaketi na muhtasari wake unaandikwa na kutiwa saini. Alikwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, akasubiri tangazo libandikwe ili mwenye pingamizi ajitokeze, na pingamizi lilipokuja akasimama kulijibu. Alijifunza pia la kusema mbele ya kikao ambacho nusu ya wajumbe wake walitaka afungashe virago. Hayo ni maarifa, tena ya kulipia. Msikilizaji aliyefiwa wiki iliyopita, ambaye mashemeji zake nao wameanza kunong'ona, aliyahitaji hayo kuliko kitu chochote. Amefunga simu akiwa na huzuni zaidi na hana la kufanya.

Sisemi uchungu usisimuliwe. Kuna mtu ambaye kusema kumemponya, na kuna dhuluma ambayo ingeendelea kama wenyewe wasingeitangaza. Ninachosema ni kwamba maisha ya mtu hayaishii kwenye mkasa wake. Akifika kwenye jeraha, mwache aseme kadiri anavyotaka, kisha muulize: asubuhi iliyofuata ulifanya nini? Ulianzia wapi? Nani ulimwona akakusaidia, na leo mtu akiwa pale ulipokuwa ungemwelekeza vipi? Kwa maswali hayo mgeni anahama kutoka kuhurumiwa hadi kufundisha, na utaona hata sauti yake inabadilika.

Wapo waliotutangulia katika kazi hii tunaoweza kujifunza kwao. Studs Terkel alitangaza katika kituo cha redio cha WFMT mjini Chicago kuanzia mwaka 1952 hadi 1997. Alizungumza na wanamuziki na waandishi wakubwa, lakini kitabu kilichomjengea jina kuliko vingi ni kile cha mwaka 1974 kiitwacho Working, alichokijaza mazungumzo na watu wa kazi za kila namna: mwashi wa mawe, mchimba makaburi, mhudumu wa mkahawa. Aliwauliza jambo ambalo ni nadra wao kuulizwa: mchana kutwa unafanya nini, na unaionaje kazi yako? Mhudumu yule wa mkahawa akaeleza namna anavyotua sahani mezani bila sauti kusikika. Ukilisikia hilo, huwezi tena kuketi mkahawani ukamwona mhudumu kama kiti au feni. Terkel hakumwomba mtu alie. Aliuliza kuhusu kazi, na maisha yote yakafuata yenyewe, pamoja na machungu yake.

Nasi hapa pwani tunao mfano. Katika miaka ya 1970, watafiti walikaa na wanawake wazee wa Mombasa wakarekodi maisha yao, na mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel wakatoa kitabu cha masimulizi ya watatu kati yao: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Baadaye kikatoka pia kwa Kiswahili. Hawakuwa wa daraja moja. Alikuwamo wa ukoo wa Thenashara Taifa, wenye mji wao, na alikuwamo wa kizazi cha watumwa. Yule wa kizazi cha watumwa hakuletwa ili asimulie utumwa tu na kurudi kwake. Aliketi kama shahidi wa mji: harusi zilivyochezwa, ngoma za wanawake zilivyoshindana, nani alikuwa nani. Wanaosoma historia ya Mombasa leo wanamtegemea kama wanavyomtegemea mwenzake wa nasaba kubwa.

Basi tuje kwenye matendo, maana nasaha isiyofika kwenye matendo ni maneno tu.

La kwanza ni maandalizi. Kabla ya kumpokea waziri unasoma hotuba zake, unapekua magazeti, unaandika maswali ishirini. Kabla ya kumpokea mvuvi hufanyi lolote, unadhani "tutapiga stori tu". Nenda pwani siku moja kabla. Mkute anashona nyavu, kaa, tazama. Utajifunza kwamba anaingia baharini kwa hesabu: bamvua ni siku nyingine na maji mafu ni siku nyingine, kaskazi ina samaki wake na kusi ina ghadhabu zake. Ukishayaona hayo, maswali yatakuja yenyewe, nawe hutamuuliza mtu wa miaka thelathini baharini kama hajawahi kuogopa maji. Mama ntilie vivyo hivyo. Nunua sahani ya wali maharage, ukae pembeni, utaona daftari lake la madeni. Atakwambia nani hukopa katikati ya mwezi akalipa tarehe ya mshahara, na nani akianza tu kusifia mchuzi ujue leo hana hela. Huo ni ujuzi wa kupima watu ambao wakopeshaji wengi wenye ofisi wanautafuta.

La pili ni adabu ya ulimi. Mbunge unamwita "mheshimiwa" kila sentensi. Mzee wa miaka sabini anayeuza kahawa unamwita "mzee baba" huku unacheka, kisha unamkatiza akiwa katikati ya neno. Mpe shikamoo yake hewani, wasikilizaji wasikie. Mwite Mzee Fulani au Bi Fulani kama wanavyomwita mtaani kwake. Kiswahili chake kikiwa cha Tanga, cha Kigoma au cha Lubumbashi, usikisahihishe wala usikiigize. Na akinyamaza, mwache anyamaze. Wazee wetu wanafikiri kabla ya kujibu, na kimya cha sekunde tano hakijaua kipindi cha mtu.

La tatu ni kichwa cha habari. Mazungumzo yalikuwa ya staha, mgeni akaondoka ameridhika, kesho yake anakuta picha yake YouTube mdomo wazi, macho mekundu, na maandishi makubwa: AFUNGUKA MAZITO, AMWAGA MACHOZI, ATAJA MAJINA. Dakika moja ya saa nzima imekatwa, inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na huko hakuna anayejua kilichotangulia wala kilichofuata. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtajitetea kwamba bila hivyo watu hawabonyezi. Huenda. Lakini aliyekuja kwako alikuamini wewe, hakuziamini hesabu za YouTube.

La nne ni wasiokuwapo. Mgeni anaposimulia ndoa yake iliyovunjika, kuna mtalaka ambaye hana maikrofoni, kuna mama mkwe, na zaidi ya wote kuna watoto. Mtoto wa miaka sita leo atakuwa kidato cha pili siku moja, na wanafunzi wenzake watakitafuta kipindi kile wakicheze mapumzikoni. Msimamishe mgeni kwa upole: "Mama, jina la mtoto tuliache." Akikwambia mficha uchi hazai, mjibu kwamba methali hiyo inamhusu mwenye shida na yule anayeweza kumsaidia. Haikusema mtu ajifunue sokoni.

La tano ni ridhaa, na hapa sheria nayo imeingia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinampa mtu haki juu ya taarifa zake, na zote zinazihesabu habari za afya yake kuwa nyeti, zenye ulinzi wa pekee. Lakini usingoje sheria ikufundishe uungwana. Mwambie mgeni kabla ya kuwasha mitambo: tutazungumza haya, kipindi kitaonekana mahali fulani, kitabaki huko miaka mingi, na ukijuta kabla hakijatoka nipigie tukiondoe. Mwenye elimu na wakili wake anayajua haya. Asiye navyo anadhani akishaketi hana tena ruhusa ya kukataa, na akikuona umempa soda ataona aibu hata kusema "hilo sitaki". Kwa hiyo mwambie wewe, kwa lugha yake, tena mara mbili.

La sita ni haki ya jasho. Mbunge akija studioni mshahara wake unaendelea. Konda akija, siku hiyo hana posho, na gari limepewa mtu mwingine. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli mwenyeji anapona: matangazo yanaingia, wafuasi wanaongezeka. Basi naye asirudi nyumbani na deni la nauli. Mlipe nauli na fidia ya siku yake, waziwazi, bila kuifanya sadaka na bila kumpiga picha akipokea.

Nawe unayealikwa, usidhani nasaha hizi zimekuacha. Kuitwa studioni si kuitwa mahakamani, kwa hiyo una haki ya kusema "hilo ni la nyumbani kwangu" na kunyamaza. Usikuze mambo ili kumfurahisha mwenyeji, kwani atakayebaki na kauli hiyo mtaani ni wewe. Siri uliyopewa na rafiki usiibebe kwenda nayo huko. Na ukiulizwa mambo ya huzuni tu, geuza mazungumzo mwenyewe: "Hayo yalipita, nami nataka nieleze nilivyoanza upya." Mwendeshaji mwenye akili atakufuata.

Sisi wasikilizaji nasi tuna fungu letu, maana soko la machozi lina wanunuzi. Kipande cha dakika moja kikikufikia, ama ukasikilize kipindi kizima, ama usikisambaze. Kipindi ambacho fundi ameeleza ufundi wake, au mjane ameeleza njia ya mahakamani, mtumie anayekihitaji, ili wenye studio waone kwamba hata hayo yana wasikilizaji.

Kwako mwendeshaji nina ombi moja la kufanya wiki hii. Kichwa cha habari ukishakiandika, kabla hujakirusha, mpigie simu mgeni wako umsomee neno kwa neno. Ukiona unasita kupiga, umeshapata jibu: kifute, uandike kingine.