Mtoto wa Kulea na Kwao

Nataka kunena habari ya neno moja dogo, ambalo kila mtu hulitumia kila siku wala hasimami kulifikiri, nalo ni neno "kwetu". Mgeni akifika kijijini, baada ya salamu huulizwa, "Kwenu wapi?" Naye akijibu, twajua mara moja tumweke wapi: ni mtani, au ni mkwe, au ni mjukuu wa mmoja wa wale waliokuja Kilosa zamani kukata mkonge. Lakini yuko mtu ambaye swali hili humkwama kooni, naye ni mtoto wa kulea.

Jambo lililonitia katika fikira hizi lilitokea nyumbani mwangu mwenyewe, hapa Mabwerebwere. Yapata miaka minane sasa, mwanamke mmoja jirani yetu alikufa katika kuzaa. Baba wa mtoto hakuonekana. Basi mke wangu na mimi tulimtwaa yule mtoto, na jirani mwingine aliyekuwa akinyonyesha akampa titi pamoja na wake. Hatukwenda mahakamani wala hatukuandika karatasi. Tulimtwaa tu, kama watu wafanyavyo. Akakua, akatuita baba na mama, akawafuata binti zangu wawili kisimani na shuleni.

Mwaka jana, baada ya mavuno, alikuja mzee mmoja kutoka upande wa milimani. Akaketi barazani, akanywa uji, akauliza habari za mvua. Ndipo akasema bila hasira, "Mwalimu, ahsante kwa kulea. Mimi ni mjomba wake. Nimekuja kumwona mtoto wetu."

Aliposema "mtoto wetu" niliona uchungu kama mtu aliyeibiwa. Lakini kila msomaji wa nchi hii ajua ya kuwa mzee yule alisema haki. Kwa Wasagara na Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba ndiye mwenye neno. Hata kama ningalimzaa mimi, nisingaliweza kumpa ukoo wangu. Nikajaribu kumshinda kwa elimu, nikamweleza Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ya kuwa mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama huhesabiwa kama amezaliwa na wale waliomwasili, hata katika urithi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na hiyo amri unayo?" Sikuwa nayo.

Usiku ule nilifungua Waraka kwa Warumi, mlango wa nane, kwa kuwa nilikumbuka ya kuwa Mtume Paulo amelitaja neno la kufanywa wana. Nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi nisilione. Katika aya ya 15 asema tumekwisha kupokea roho ya kufanywa wana, hata twamwita Mungu Baba. Lakini katika aya ya 23 asema twaugua, tukikungoja huko kufanywa wana. Yawezekanaje mtu kungojea kitu alichokwisha kupewa?

Warumi waliosomewa waraka ule walijua vema habari ya kuasili. Kwao lilikuwa jambo la wakubwa, na mara nyingi aliyeasiliwa alikuwa mtu mzima. Julius Caesar alipouawa mwaka 44 kabla ya Kristo, wasia wake ulimfanya Octavian kuwa mwanawe, naye ndiye aliyekuja kuitwa Kaisari Augusto, ambaye katika enzi yake Bwana wetu alizaliwa. Kwa sheria yao mwana wa kuasiliwa alitoka katika mamlaka ya baba wa kwanza, akapewa jina jipya na urithi mpya. Kwa njia hii kufanywa mwana ni kufuta ya nyuma.

Je, Mungu hutufuta hivyo? Wako wahubiri wanenao kana kwamba ndivyo: ulimwengu ni nyumba ya wageni tu, basi ya nini kuutengeneza? Mimi sikubali. Mafuriko ya mto Mkondoa, mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, yalizivunja nyumba nyingi hapa Kilosa, na watu wakakaa katika mahema. Mtu aliyelala hemani hahitaji kufundishwa kwamba nyumba za dunia hupita. Walakini sikumsikia hata mmoja aliyesema kwamba nyumba yake ilikuwa si kitu. Tena Paulo mwenyewe, anapoeleza tunangoja nini, asema twangoja ukombozi wa mwili wetu. Hasemi kuukimbia mwili. Kitu kile kile kilichozaliwa na mama, chenye ukoo na makovu, ndicho kitakachokombolewa.

Hapa nawakumbuka wale watoto wa Unguja. Askofu Tozer alipofika huko mwaka 1864, Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Baadaye shule ya Kiungani ilimlea Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, naye akapewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile. Njia moja ya misafara ya siku zile ilipita katika bonde hili letu la Mkondoa, na huenda waliofungwa minyororo walikunywa maji ya mto huu. Wahenga wamesema mkataa kwao ni mtumwa; lakini watoto wale hawakukataa kwao, walinyang'anywa. Misheni ikawa mama yao, ikawapa majina na vitabu. Majaliwa alipokuwa mtu mzima hakubaki Unguja tu. Alikwenda Chitangali, katika nchi ya Wayao, akafanya kazi huko miaka kadha wa kadha. Sidhani ya kuwa aliisahau Kiungani alipokuwa Chitangali. Nadhani Kiungani ndiyo iliyomtia nguvu ya kwenda.

Maana nimeangalia watoto wengi darasani. Yule asiyependwa na mtu hatamani kwao; hutamani chakula na kulala tu. Bali yule aliyeshikwa mkono na kufunikwa wakati wa homa ndiye anayeuliza siku moja, "Mama aliyenizaa alikuwaje?" Huona upungufu kwa sababu ameonja utoshelevu. Basi mlezi asione wivu, wala asiite swali lile utovu wa shukrani, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyelipanda. Na kama ni hivyo, mtu amtamaniye Baba wa mbinguni haidharau nyumba yake ya udongo. Humo ndimo alimojifunza kutamani.

Lakini yako malezi mengine, ambayo sina budi kuyataja ijapokuwa si mazuri kutajwa. Wako watu wenye mtoto wa kulea ambaye huchota maji na kuchunga mbuzi, na wa kuzaliwa huenda shule, na siku ya ugomvi huambiwa, "Wewe si wa hapa." Huyo hakufanywa mwana, amefanywa mtumishi asiye na mshahara. Paulo hatenganishi uwana na urithi: kama tu watoto, asema, tu warithi pia. Hicho ndicho kipimo.

Na kipimo hicho kilinikamata mimi. Mjomba alipoaga, alisema, "Usisumbuke kwa habari ya shamba lake. Lake liko kwetu." Nami nikaona moyo wangu umepata nafuu, kwa maana nina ekari tatu na binti wawili. Miaka minane nimemwita mwanangu, na siku moja sijafikiri nitampa sehemu ipi ya shamba. Nilimkasirikia mzee kwa kusema "mtoto wetu", kumbe yeye alikuwa amemwekea mtoto mahali, mimi sikumwekea. Nikamweleza mke wangu neno hili. Hakusema kitu, ila asubuhi alichukua kamba akaniita shambani, tukapima vipande vitatu vilivyo sawa, tukapanda mkakaya mpakani.

Shule ilipofungwa kijana alikwenda milimani na mjomba wake. Mke wangu alimfungia mkeka na kuku mmoja wa kumpelekea bibi yake, ambaye hakupata kumwona. Alikaa huko majuma mawili. Aliporudi alikuwa amejifunza majina ya wazee wa mamaye, akatuhesabia kwa vidole mmoja mmoja, na binti zangu wakamcheka kwa namna alivyoyatamka.

Jioni nikamwuliza, "Haya, kwenu kukoje?"

Akanitazama akasema, "Kwetu kupi, baba?"