Kuondoa Udhia Njiani Si Kuuhamisha



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa imani ina matawi mengi, na lililo la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Hadithi hii tunaijua tangu madrasa. Ninaloomba tulitafakari ni hili: taka tukiziondoa njiani kwetu, zinakwenda kwenye njia ya nani?

Hapa Kampala, kwa miaka mingi zilikwenda Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024, kufuatia mvua kubwa, mlima ule wa taka uliporomoka ukafukia nyumba na watu. Waliofariki walizidi 30. Allah awarehemu. Mlima ule haukuota wenyewe. Ulikua ndoo kwa ndoo, kutoka majumbani na hosteli.

Wapo wanaoishi kwa kuokota chupa na kuziuza kwa kilo. Chupa ya maji iliyo safi na kavu ni mali: hukatwakatwa, huoshwa, huyeyushwa, ikawa kitu kingine. Chupa hiyo hiyo ikilowa mchuzi na kuchanganywa na maganda ya matooke, bei hushuka au hukataliwa kabisa. Basi anayechanganya taka humpunguzia maskini riziki, na humlazimisha kutia mkono penye vioo vilivyovunjika. Hapa tumeingia katika haki za waja, na haki za waja hazifutwi kwa istighfari peke yake.

Atasema mtu: "Lori likija linachanganya vyote, nitenganishe kwa faida gani?" Jawabu ni kwamba chupa zilizotengwa hazina haja ya kupanda lori. Mkabidhi mwokotaji mkononi. Kwake ni kipato, kwako ni sadaka. Ama kaveera na vifuko vya vitafunio, ambavyo ni nadra kupata mnunuzi, dawa yake ni kutovichukua pasipo haja. Allah ametukataza israfu.

Napendekeza tuanze na futari ya Ramadhani msikitini kwetu: pipa la chupa, pipa la mabaki ya chakula, na pipa la vinginevyo. Kila chupa imwagwe maji kabla ya kutupwa. Anayesimamia swafu asimamie na mapipa.

Ewe Allah, tujaalie mikono yetu iwe salama kwa jirani tumwonaye na tusiyemwona. Amin.