Haki ya Kutangulizwa

Mwaka 1953, katika mashindano ya kwanza ya magari ya Safari, magari yaligawanywa kwa bei, ili la bei ndogo lisipimwe na la fahari. Katika mashindano mengine gari dhaifu hutangulizwa dakika kadhaa. Je, msomaji, hiyo ni haki au upendeleo?

Tuseme mtoto mmoja huko Kakuma huchunga mbuzi kabla ya kusoma. Mwenzake wa Lodwar ana taa na vitabu. Kuwaanzisha mstari mmoja ni usawa wa macho tu. Hata hivyo, kutangulizwa hakuendeshi gari. Mwendo ni wa dereva. Basi ukipewa nafasi, usione haya, wala usiilalie. Hiyo ni deni, nalo hulipwa kwa juhudi.