Kitabu Kimoja kwa Wanafunzi Wapya

Kuwataka wanafunzi wote wanaoingia chuo kikuu wasome kitabu kimoja, kabla hawajatawanyika katika fani zao, huonekana kuwa jambo la utawala tu, ilhali ndani yake limo swali la kifalsafa: je, kumchagulia mtu cha kusoma ni kuiheshimu akili yake au ni kuitia hatamu? Pwani ya Kilwa na Lindi, ambako Kiswere iko katikati, ina uzoefu wa zamani katika jambo hili.

Katika darsa, yaani kikao cha kusomeshwa elimu ya dini, anayeanza fiqhi, elimu ya sheria za dini, husomeshwa Safinatun Najaa, kitabu kifupi cha madhehebu ya Shafi kilichotungwa na Salim bin Sumeir, mwanachuoni wa Hadhramaut aliyefariki Batavia karibu na mwaka 1855. Baada ya nguzo za Uislamu na za imani, kitabu hicho hutaja alama za baleghe, na mpangilio huo una hekima, kwa kuwa humkusudia yule ambaye ndiyo kwanza anakuwa mukalafu, mtu wa kuulizwa na Mungu juu ya matendo yake mwenyewe. Tena ni matini, maandishi yanayotaja hukumu bila kuzitolea dalili, hivyo hayatoshi mpaka mwalimu ayafasiri kwa Kiswahili na kuyatolea sharha, na mwanafunzi apate mwanya wa kuuliza kwa nini.

Mwanya huo haukuwamo katika barua iliyodaiwa kutoka Makka, ambayo mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya Vita vya Maji Maji kwisha, ilisomwa Lindi na kuwatia wasiwasi watawala wa Kijerumani. Watu walioonja mateso ya vita hivyo walikuwa na kila sababu ya kuyasikiliza maonyo yake ya kiyama, na bila shaka iliwaunganisha. Lakini iliwaunganisha kwa hofu, kwani aliyeipokea alitakiwa kuitii na kuieneza, si kuihoji.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kiliwawekea wanafunzi wa fani zote somo la lazima la Taaluma za Maendeleo, ilhali wanafunzi wa USARF, chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kilichoanzishwa chuoni hapo mwaka 1967, walikuwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili, wakisoma na kubishana kwa hiari. Lazima ya chuo inaweza kutetewa, maana hiari huwakusanya waliokwisha kukubaliana. Ila inapogeuka kuwa maandalizi ya mtihani tu, hukosa ule mwanya wa kuuliza ambao darsa imeuhifadhi.

Kijana wa Kiswere aliyesoma Safina na kijana wa Ndanda aliyesoma katekisimu, mafundisho ya Kikristo yaliyopangwa kwa maswali na majibu, hufika chuoni kila mmoja akiwa na kitabu chake cha kwanza. Kitabu cha kuwakutanisha hakina budi kiwe kigeni kwa wote wawili kwa kiasi kilekile, ili asiwepo anayeingia kikaoni akiwa mwenyeji wa majibu.