Sijambo ya Askari

Barua ya Kiswahili, katika zama za kalamu na bahasha, ilikuwa na mlango wake. Mwandishi alitoa salamu, akasema kwamba yeye hajambo, kisha akaongeza kuwa hofu na mashaka ni kwa wale walio mbali na upeo wa macho yake. Watoto walifundishwa hivyo shuleni, na wakubwa wakaandika hivyo bila kufikiri. Lakini maneno hayohayo yakitoka kambini, ndani ya nchi inayojichinja yenyewe, yana uzito mwingine. Je, askari anayeandika kwamba hajambo amesema uongo?

Achukuliwe kijana wa Ngujini, katika Milima ya Upare. Hana jina, maana ni wa mfano tu; ila vita alivyopelekwa vilikuwa vya kweli. Kati ya 1986 na 1988 maelfu ya askari wa Tanzania walikuwa Msumbiji, hasa katika jimbo la Zambézia, wakiisaidia serikali ya FRELIMO dhidi ya RENAMO. Vita hivyo vilianza 1977, miaka miwili tu baada ya uhuru, na mkataba wa kuvimaliza ukatiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi.

Asiyekaa kambini hudhani kwamba maisha ya huko ni risasi. Sehemu yake kubwa ni kungoja: kungoja amri, kungoja gari la chakula, kungoja zamu ya lindo iishe. Na katika kungoja huko ndipo nyumbani hujileta. Hujileta kwa makande, kwa migomba, kwa maji ya ndiva yakifunguliwa asubuhi kwenda mashambani. Hujileta pia kama deni. Wapare wana msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kwayo hutengeneza mifereji na njia, na siku ya msaragambo jembe la kijana huyu halipo. Yupo mama yake, au mdogo wake, akishika nafasi ya mwanamume aliyekwenda kulinda mifereji ya watu wengine. Kiapo kinamdai kule, nyumba inamdai huku, na karatasi aliyo nayo ni moja.

Immanuel Kant, aliyeandika 1797 kwamba haifai kumdanganya hata muuaji aliyesimama mlangoni, asingemsamehe kijana huyu. Mapokeo ya Kiislamu ni mapana zaidi: imepokewa hadithi inayotaja nafasi tatu zilizoruhusiwa, yaani vitani, katika kusuluhisha watu, na katika mazungumzo ya mume na mke. Askari anayemwandikia mkewe yumo katika nafasi mbili kwa mpigo. Hata hivyo ruhusa ya vita ni ya kumhadaa adui, na mama wa Ngujini si adui wa mtu.

Jambo moja wanafalsafa hawakulifikiria. Mama huyo yamkini hakujua kusoma, na barua ilisomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la nne, majirani wakisikiliza. Kila neno la kutisha ambalo kijana angeliandika lingepita kwanza kinywani mwa mtoto. Anayemlaumu kwa kuficha na akumbuke kinywa hicho.

Na kilichofichwa hakikuwa hatari ya kufa peke yake. Hiyo mama aliijua tangu siku ya kuagana. Katika vita vile RENAMO iliteka vijana na watoto vijijini, na wako waliolazimishwa kuwashambulia watu wa kwao wenyewe ili wasiwe tena na pa kurudi. Askari aliyeona udugu ukigeuzwa silaha namna hiyo hawezi kuuandikia udugu wake kama zamani. Ile hofu kwenu, iliyokuwa maneno ya adabu tu, kwake imekuwa hofu kweli: anawaogopea wa nyumbani kwa sababu ameona nyumba inaweza kufanywa nini.

Kwa hiyo sijambo ya barua isiitwe uongo. Ni pazia, na pande zote mbili zinajua kuwa lipo. Uongo, kama upo, huanza baadaye, kijana akisharudi na kukaa jikoni, mtoto yule hayupo, mama anamuuliza taratibu na yeye anajibu vilevile kama alivyoandika. Hapo hapana tena wa kukingwa isipokuwa yeye mwenyewe.

Wapo ambao hawakupata hata nafasi hiyo. Naliendele, nje ya mji wa Mtwara, wamelala askari wa Tanzania waliofia Msumbiji. Nyumbani kwa baadhi yao yawezekana imebaki barua, na mstari wake wa kwanza ukisema kwamba mwandishi hajambo.